Ng'ombe Aliyeezeka Kanisa

Tulimwacha Omosa nyuma ya kaunta ya agroveti yake, duka la dawa za mifugo, pale Magunga, simu imekwisha kukatika na yeye bado ameibana sikioni, kama mtu anayengoja kuambiwa ulikuwa utani.

Haukuwa utani. Nyamhanga, mfugaji wa Kikuria kutoka karibu na mpaka wa Tanzania, alikuwa amemwambia kwa maneno machache kwamba Alhamisi angefika kumchukua mtamba wake. Akauliza kama amenenepa. Omosa akajibu kwamba yu salama.

Hakuwa salama. Kwa kadiri Omosa alivyojua, hakuwa hata hai.

Kwa wewe unayeingia leo, mambo yalikwenda hivi. Omosa ndiye kiongozi wa uwakili katika kanisa lao dogo la Wasabato. Ndiye anayewafundisha waumini kutunza mali kama watu waliokabidhiwa, si kama wenyewe: zaka kwanza, kisha akiba, kisha matumizi ya nyumba, na madeni wayakimbie. Ni Mgusii aliyehamia Suba kwa biashara, akaaminika kwa wenyeji hata wakampa jina la Japuonj, mwalimu kwa Kijaluo. Katika makambi ya Agosti kule Kendu Bay alisimama mbele ya umati akasema kwamba anayetoa kwa uaminifu, Mungu mwenyewe humlindia zizi. Na watu walipokuwa bado wanaitikia amina, akaahidi kutoa ng'ombe kwa ajili ya paa la kanisa lao.

Aliporudi nyumbani alimkuta ng'ombe huyo akihema kwa ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Mtu anayeuza dawa ya ndigana alikuwa wiki nzima Kendu Bay akifundisha wengine kutunza mali. Ng'ombe akafa.

Zizini akabaki mmoja, mtamba mwekundu kama yule aliyekufa. Huyo alikuwa ameachwa na Nyamhanga atunzwe, kwa makubaliano kwamba ndama wa kwanza awe wa Omosa. Omosa akaona haya kuwaambia watu kwamba zizi la mwalimu wao halikulindwa. Akamfunga kamba mtamba wa Nyamhanga, akampeleka kanisani.

Mkewe Dolphine wakati huo alikuwa kwao Nyamira akimuuguza mamake. Aliporudi, Omosa alimweleza kwamba aliyekufa ni ng'ombe wa Nyamhanga, mwenyewe ameshaarifiwa, na aliyetolewa ni wao.

Mtamba akauzwa, mabati yakanunuliwa, kanisa likaezekwa. Tangu hapo kila Sabato Omosa ameketi chini ya ng'ombe wa mtu, Biblia mapajani, akiwafundisha watu uaminifu.

Sasa twende naye.

Kitu cha kwanza alichofikiria hakikuwa toba. Alifikiria kununua ng'ombe mwingine.

Pesa hakuwa nazo. Zamani kidogo zilikuwepo, kwa maana alikuwa ametenga bahasha ya kumlipia Nyamhanga, kama anavyofundisha kwamba kila haja iwe na bahasha yake. Mwezi baada ya mwezi alitia humo kitu. Lakini misumari ya paa ilipopungua, macho ya mashemasi yaligeukia alipoketi, naye akaingiza mkono kwenye bahasha hiyo. Mbao za dari zilipopungua, macho yakamgeukia tena. Mwisho wake pesa za kurudisha ng'ombe wa watu nazo zikaenda kwenye paa lile lile, na waumini wakasimama kumwombea baraka zaidi.

Akawasha pikipiki akaenda Sindo. Kule kuna mchuuzi wa ng'ombe ambaye hununua dawa dukani kwake, na Omosa alikuwa amesikia ana mtamba mwekundu.

Ni kweli, alikuwa naye. Mwekundu, umri ule ule, hata pembe zilikuwa zinaanza kupinda namna ile ile. Mchuuzi alipoona Omosa anamzunguka bila kutaja bei, akamwambia amchukue tu, atalipa polepole. Mtu mwingine angedaiwa dhamana, akasema, lakini Japuonj hadaiwi hata sahihi.

Omosa akaweka mkono kwenye mgongo wa yule mnyama. Mnyama akageuza shingo, akamtazama kidogo, akarudi kwenye majani yake.

Hapo ndipo Omosa alipojua kwamba hawezi kumdanganya Nyamhanga kwa njia hiyo. Mfugaji atamtambua ng'ombe wake hata kwa kikohozi. Tena angekuwa amekopa, yeye anayewaambia vijana wasikope hata simu, ili apate kudanganya vizuri zaidi. Akamshukuru mchuuzi, akasema atafikiria, akaondoka.

Alikuwa hajatoka Sindo alipoitwa jina. Aliyemwita alikuwa Onyango, mchuuzi wa samaki aliyehudhuria mafundisho yake mwaka uliopita pamoja na mkewe. Onyango akamvuta kando akamweleza, kwa furaha ya mtu aliyekuwa anatafuta nafasi ya kusema, jinsi yeye na mkewe walivyokuwa wakifichana mapato, kila mmoja na mfuko wake wa siri, mpaka waliposikia fundisho lile. Sasa huketi pamoja jioni wakapanga. Mtoto wao ameingia chuo bila harambee.

“Japuonj, ulituambia tusifichane kitu,” akasema. “Nyumba yangu imepona kwa sababu yako.”

Akamfungia mbuta mzima kwenye gazeti. Omosa akajaribu kukataa, lakini kwa Mjaluo kukataa samaki ni kumkataa aliyempa. Akamfunga nyuma ya pikipiki. Njia nzima ya kurudi Magunga alimhisi samaki yule mgongoni kama mtu aliyempakia.

Dolphine alikuwa nyuma ya nyumba akipukuchua mahindi. Omosa akaweka samaki kwenye beseni, akavuta kigoda akaketi mbele yake. Alikuwa amejipanga njiani: angeanza na ugumu wa siku zile, makambi, uchovu, shinikizo la watu. Alipofungua kinywa yote hayo yakapotea.

“Mama Tony, yule ng'ombe aliyekufa alikuwa wetu.”

Mikono ya Dolphine haikusimama. Punje ziliendelea kuanguka kwenye ungo.

“Na yule wa kanisani?”

“Wa Nyamhanga.”

“Mwenyewe anajua?”

“Hajui. Anakuja Alhamisi kumchukua.”

Mikono ikasimama. Omosa alingoja makaripio, na kwa kweli aliyatamani, kwa sababu makaripio yana mwisho. Dolphine hakumkaripia. Alikitazama tu kile kigunzi alichoshika, kama aliyesahau kinatumika kwa nini.

“Nimemwombea Nyamhanga apate faraja ya ng'ombe wake,” akasema hatimaye. “Kila jioni. Ulikuwa unapiga magoti kando yangu, unasema amina.”

Dolphine akakiweka kigunzi kando.

“Ungeniambia siku ile ile, Baba Tony. Ningekusaidia kuaibika.”

Hilo lilimwingia kuliko kama angeitwa mwizi. Akaanza kulia, na Dolphine akamwacha alie. Alipotulia, mkewe akamwambia cha kufanya, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani. Ampigie Nyamhanga leo. Asingoje mtu atoke mpakani, apitie Migori na Sori na vumbi lote hilo, afike mlangoni na kamba mkononi ndipo aambiwe. Aanze na mwenye ng'ombe. Wengine wote watafuata.

Omosa akaitikia. Akatoka nje na simu, akalitafuta jina la Nyamhanga, akalitazama mpaka mwanga wa simu ukajizima.

Akajiambia kwamba jambo zito kama hili halizungumzwi kwa simu. Ukweli ni kwamba aliiogopa sauti ya Nyamhanga. Ilikuwa sauti ya mtu anayeamini.

Kesho yake akafunga duka mapema, akaenda kwa Mzee Mogire.

Mogire ni mzee wa kanisa, muuza mbao, mtu wa taratibu ambaye hata chai huinywa kwa utaratibu. Omosa alimkuta amepumzika kibandani kati ya mafungu ya mbao, akamweleza yote tangu makambi. Safari hii maneno yalikuja kwa urahisi. Machozi pia. Na ajabu ni kwamba alipokuwa akilia, kuna sehemu ndani yake iliyokuwa inapata nafuu, kama mtu anayevua kiatu kilichombana.

Mogire alisikiliza hadi mwisho. Akavua kofia, akaomba sala ndefu. Kisha akakohoa.

“Mabati hatuwezi kuyashusha,” akasema. “Lakini ng'ombe anaweza kulipwa.”

Akapanga mambo palepale. Siku ya Sabato Omosa atasimama mbele ya washiriki aseme mwenyewe, kwa kuwa aliahidi mbele yao na kusifiwa mbele yao. Kanisa litachanga, kwa sababu paa ni lao wote. Tena haifai mkosaji aachwe peke yake kwenda kuwakabili wenye mali. Watu wa kwao Nyamhanga waarifiwe kwa heshima, kanisa kwa jamaa, wasije wakasikia kwa njia za pembeni.

Mogire alimjua mchungaji mmoja upande wa Isebania, kule mpakani. Akauliza boma lenyewe linaitwaje.

“Kwa mzee Mniko, babake,” Omosa akajibu. “Mzee mwenyewe alishafariki. Ukiuliza huko, wote wanalijua.”

Alijibu haraka, bila kufikiri, kama mtu anayesaidiwa kubeba mzigo na hataki msaidizi abadili nia.

Alirudi nyumbani amenyooka. Alikula yule mbuta aliyebaki na ugali mkubwa, akaongeza. Dolphine alimtazama anavyokula.

“Umempigia?”

“Nimezungumza na Mzee Mogire. Atanisaidia. Sabato nitasimama mbele ya watu.”

“Mogire ana ng'ombe gani katika jambo hili?”

Omosa akaeleza kuhusu utaratibu, na heshima ya kanisa, na faida ya kuwa na mashahidi. Dolphine hakubishana. Akaondoa sahani. Lakini neno lake lilibaki mezani, na Omosa, ambaye alikuwa amefurahi kwa muda mfupi sana, akahisi kiatu kimeanza kubana tena.

Alhamisi, jua likiwa kichwani, Nyamhanga akafika.

Hakuwa peke yake. Nyuma yake alikuja mwanamke mwembamba aliyejifunga leso mbili, amebeba mkoba wa plastiki, mtu wa kutembea akiangalia chini. Nyamhanga akamtambulisha kwa jina tu, Nyangi. Omosa akadhani ni mkewe. Dolphine akampokea mkoba, akamwingiza jikoni apate chai.

Nyamhanga alikataa kuketi. Alitaka kwanza amwone mtamba, kama wafugaji walivyo. Kamba aliikunja begani, mpya, bado inanuka duka.

Wakaenda zizini. Mbolea ilikuwa imekauka ikawa vumbi. Nyamhanga akatazama ile mbolea, akatazama magugu yaliyokuwa yameanza kuota kwenye hori, na Omosa akajua kwamba mwenzake ameshaelewa kuwa hapajakuwa na ng'ombe hapo kwa miezi mingi. Ila alikuwa anangoja kuambiwa, kwa adabu.

Omosa akamwambia. Safari hii hakulia. Alijaribu kusema kwa kifupi na bila kujitetea, kwamba wake alikufa, kwamba aliona haya, kwamba alimchukua asiye wake akamtoa kwa jina la Mungu. Kwamba hata kwenye simu juzi alimdanganya.

Nyamhanga akaishusha kamba kutoka begani. Akaanza kuikunja upya, polepole, ingawa ilikuwa imekunjwa vizuri.

“Mimi si mtu wa kanisa,” akasema. “Nilikuwa nimepita Migori mjini kununua chumvi ya ng'ombe. Nikakusikia kwenye ile semina yenu, unasema tulicho nacho si chetu, tumewekewa tu, na mwenyewe atakuja kuuliza. Nikasimama hapo nje mpaka ukamaliza. Nikajiambia, huyu ndiye mtu wa kumwachia. Unajua kwa nini?”

Omosa akatikisa kichwa.

“Kwa sababu ng'ombe yule hakuwa wangu. Mimi pia nilikuwa nimewekewa.”

Akamgeukia akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu waingie zizini.

“Ni wa huyo mama unayempa chai.”

Walirudi nyumbani, na huko mezani, kikombe cha Nyangi kikiwa kinatoa moshi bila kuguswa, mambo yakaelezwa yote. Nyangi ni mjane wa ndugu yake Nyamhanga. Mumewe alipofariki, kaka yao mkubwa, Gisiri, aliwahamisha ng'ombe wa marehemu wote kwenye zizi lake kabla hata wageni wa matanga hawajaondoka. Alisema anawatunza. Hakuna aliyewaona tena kama ng'ombe wa Nyangi. Nyamhanga ndiye mdogo wao, hana sauti mbele ya Gisiri. Alichoweza ni kumtorosha mtamba mmoja alfajiri, akasema kwamba amepotelea ng'ambo ya mpaka. Akavuka naye wilaya nzima mpaka Magunga, mahali ambapo Gisiri hajui mtu.

Mtamba yule ndiye urithi wote aliobakiwa nao Nyangi. Ana binti, Phanice, aliyemaliza shule ya msingi vizuri akapata nafasi katika shule ya bweni mjini Homa Bay. Shule zinafunguliwa Jumatatu. Gisiri anasema msichana amesoma vya kutosha, na kuna familia ambayo tayari ameanza kuzungumza nayo kuhusu mahari. Mpango ulikuwa ng'ombe auzwe hapa hapa, Phanice aingie bwenini, na Gisiri apate habari lango la shule likiwa limeshafungwa nyuma ya mtoto.

Omosa aliyasikia hayo akiwa ameinamisha kichwa. Miezi yote alikuwa akijipimia dhambi yake kwa kipimo cha wanaume wawili, yeye na Nyamhanga, mtu na rafiki yake. Sasa aliona alikuwa amelala juu ya mkeka wa mjane na yatima bila kujua.

Nyangi akainua kichwa.

“Hilo paa linavuja?”

“Halivuji,” Omosa akajibu kwa shida.

“Basi. Angalau watu hawanyeshewi.”

Hakusema kwa kejeli. Ndiyo sababu Omosa alitamani ardhi immeze.

Hapo Dolphine akaweka birika chini. Akasema pikipiki itauzwa. Omosa akamtazama, kwa kuwa hilo lilikuwa ndilo alilotaka kusema yeye na alikuwa anatafuta pumzi ya kulisemea. Dolphine akaendelea bila kumwangalia: mnunuzi ameshapatikana tangu jana, ni mtu wa bodaboda hapa hapa kituoni, na atakuja kesho asubuhi. Kitakachopungua kitatoka dukani. Friji ya chanjo ina mwenye kuitaka. Mtoto ataingia shule Jumatatu.

“Sisi hatukupi sadaka,” akamwambia Nyangi. “Tunakurudishia.”

Nyangi akamtazama. Kisha akavuta kikombe chake, akanywa. Nyamhanga akaketi kwa mara ya kwanza. Kitu fulani kilichokuwa kimekaza ndani ya nyumba kikalegea, na Dolphine akainuka kukoroga uji.

Kama Omosa angenyamaza hapo, siku ingeishia salama. Lakini alitaka kumpa Nyangi zaidi. Alitaka ajue kwamba hatakwepa aibu. Akamwambia kwamba Sabato hii atasimama mbele ya kanisa zima, atamtaja mwenye ng'ombe, atasema kila kitu, ili pasiwe na mtu atakayemsifu tena kwa mali ya mjane.

Nyangi akaweka kikombe chini.

“Usiseme,” akasema.

Omosa akadhani anamhurumia. Akaanza kueleza kwamba ni haki yake, kwamba moyo wake hautatulia.

“Moyo wako utangoja,” Nyangi akasema. “Gisiri akisikia kwamba huyo ng'ombe alikuwa hai, atajua alifichwa. Atajua ni nani alimficha na kwa nini. Phanice nimemwacha nyumbani, kwenye boma lake, ili asishuku kitu. Nilimwambia Gisiri naenda hospitali Migori. Mpaka nimtoe mtoto hapo, jina la ng'ombe huyo lisitajwe mahali popote. Wala langu. Wala la boma letu.”

Omosa alisikia maneno hayo ya mwisho kama yamesemwa kutoka mbali.

Akasema anatoka kidogo kuangalia duka. Dolphine alimfuata kwa macho mpaka mlangoni.

Alitembea hadi nyuma ya choo, mahali asiposikika, akampigia Mogire. Mara ya kwanza alikosea jina. Alitaka kusema kitu kimoja tu: ngoja, usimpigie mchungaji, subiri hadi Jumatatu.

Mogire hakumpa nafasi. Alikuwa amefurahi, na mtu wa taratibu akifurahi hueleza kwa mpangilio. Mchungaji wa Isebania ni mtu wa kutegemewa, akasema. Asubuhi ya leo amefika mwenyewe kwenye boma la mzee Mniko. Hakumkuta Nyamhanga, ameambiwa amesafiri. Lakini amepokelewa na kaka yao mkubwa, mtu mstaarabu sana, amemkalisha vizuri na kumsikiliza mpaka mwisho.

“Amesemaje?” Omosa akauliza.

“Ameshukuru sana kwa ukweli wetu. Amesema hakujua kama ng'ombe huyo yupo. Anasema ni mali ya marehemu ndugu yake, na yeye ndiye mwangalizi wa mali hiyo, kwa hiyo tulipe kwake. Ameahidi kuwa nasi Sabato. Nimeona nikuandalie nafasi ya kusimama kabla ya somo la uwakili.”

Omosa akafungua kinywa amkatize.

“Jambo dogo tu,” Mogire akaongeza. “Ameuliza kama Nyamhanga amefuatana na mwanamke. Mchungaji akasema hajui. Basi huyo bwana akamwita binti mmoja hapo nyumbani, akaanza kumuuliza mamake amekwenda wapi. Mchungaji ameona ni mambo ya familia, akaaga.”

Mogire akamtakia maandalio mema ya Sabato, akakata.

Omosa alibaki hapo nyuma. Wakati ule wa ng'ombe alikuwa ametoa kisicho chake ili asiaibike. Safari hii alikuwa ametoa kisicho chake ili apate kupumua, na alikuwa amekitoa kwa hiari, akitokwa na machozi, kwa mtu mwema, katikati ya mbao zilizopangwa vizuri. Mkewe alimwambia aanze na mwenye ng'ombe. Ilikuwa kazi ya simu moja.

Akarudi. Kutoka uani alisikia sauti za wanawake jikoni. Nyangi alikuwa anasimulia kuhusu Phanice, jinsi alivyomfundisha bibi yake kuhesabu kwa Kiingereza na bibi akaanza kuwahesabu kuku kwa Kiingereza mbele ya wageni. Dolphine alikuwa anacheka. Nyangi naye alikuwa anacheka, kicheko kidogo cha mtu ambaye hakukitumia siku nyingi.

Omosa akasimama mlangoni mwa jikoni na simu mkononi. Nyamhanga, aliyeketi nao, ndiye aliyemwona kwanza, akaanza kuinuka kitini. Dolphine akageuka na mwiko wake.

Nyangi akamtazama usoni, akaacha kucheka.

“Umemwambia nani?” akauliza.